Bonyeza Mbili, Usiachie

Mtaani walimwita Fundi Sponji, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilikuwa la haki. Nywele zake, ndevu zake, hata nyusi zake hazikukosa vumbi la sponji za makochi. Mkewe aliitwa Mama Mkunga, na hilo lilikuwa la haki zaidi: watu wengi waliopita mbele ya nyumba yao, wakiwemo wenye ndevu na vitambi, mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa ya mama huyo. Enzi zake, akienda sokoni mara moja, asubuhi nzima ilimwishia kwenye salamu.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha, chumvi kwenye chai, miwani ndani ya sufuria, na mumewe alimtania kwamba uzee umemjia na mabegi yake yote. Halafu siku moja akatoka kwenda kununua sabuni dukani, hapo hapo karibu, asirudi. Alirudishwa alasiri na mama mmoja muuza mboga, aliyemkuta upande wa pili wa mji akiwauliza watu njia ya kwenda kwao. Na huko kwao alikokuwa akiuliza kulikuwa kwa wazazi wake, waliozikwa zamani.

"Ndiye aliyenizalisha wanangu wote," muuza mboga alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeleta habari za msiba. "Nimemsalimia kwa jina lake, akaniuliza mimi ni nani."

Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia Fundi Sponji kwamba dawa za kumtuliza mkewe zipo, za kumrudisha hakuna, na kwamba mwendo wa maradhi hayo ni wa kushuka tu. Binti yao, ambaye ni msusi na ndiye mtoto wao pekee, alifunga safari kuja kumchukua mama yake akae naye. Baba akakataa. Alisema mama ataamkia nyumba asiyoijua, wakati hata hii anayoijua inaanza kumponyoka. Binti aliinamisha kichwa akafikiri, mwisho akasema basi angalau wamnunulie simu ndogo, ile ya vitufe, aivae shingoni. Akipotea, apige.

Wazo hilo lilimwingia Fundi Sponji kama maji kwa mwenye kiu. Kesho yake hakwenda karakana, alikwenda duka la simu. Yeye mwenyewe alikuwa na simu, lakini aliijua kwa kadiri mtu anavyomjua mbwa wa jirani: ikilia, anashtuka. Muuza simu, mwanamke mwenye subira aliyekuwa akila karanga nyuma ya meza ya kioo, alimfundisha kila kitu tangu mwanzo. Alifungua mgongo wa simu, akamwonyesha laini inavyopachikwa chini ya betri, ncha yake iliyokatwa ikielekea wapi. Akamwonyesha kitufe chekundu cha kuwashia, kile cha kijani cha kupokelea, tochi inavyowashwa, sauti ya mlio inavyopandishwa mpaka mwisho, na kijipicha cha betri kinachopungua pole pole kama chakula kwenye sahani. Fundi alirudia kila hatua kwa mikono yake. Vidole vyake vilizoea nyundo na sindano nene; vilibonyeza vitufe viwili kwa mpigo.

Alipoeleza simu ni ya nani, na kwa nini, yule mama aliacha karanga zake. Akaingiza namba ya Fundi, akaiweka kwenye kitufe cha mbili, kisha akamkabidhi.

"Mwambie hivi, mzee wangu: bonyeza mbili, usiachie. Asitafute jina, asisome chochote. Ashikilie tu mpaka aisikie inaita."

Fundi alitembea kurudi nyumbani akiyasema maneno hayo kimoyomoyo, asije akayasahau na yeye.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye kochi la sebuleni, kochi alilomtengenezea mkewe walipooana na ambalo alikuwa amelibadilisha kitambaa mara nyingi lakini mbao zake zilikuwa zile zile. Mama Mkunga aliipokea simu, akaipima uzito kiganjani. Akacheka.

"Mimi nimeshika watoto wanaoteleza kama sabuni," alisema. "Nitashindwa na hiki?"

Wala hakushindwa. Alibonyeza mbili, akashikilia, na simu ya mumewe ikalia mfukoni. Akaamrisha warudie. Mumewe akaenda uani, akapigiwa uani; akaenda nje barabarani, akapigiwa barabarani, na wapita njia wakamwona mzee mzima akizungumza na mkewe aliye dirishani, wote wawili na simu masikioni, wakicheka kama wachumba. Jioni hiyo Fundi Sponji alikula akashiba. Alijiambia kwamba madaktari nao ni watu tu.

Asubuhi Mama Mkunga aliikuta simu juu ya meza, akaichukua kwa ncha za vidole, akauliza ni mgeni gani aliyesahau kitu chake.

Wakaanza upya. Wakaanza upya na kesho yake, na siku zilizofuata. Kila siku alijifunza vizuri, na kila asubuhi somo lilikuwa limefutika, kama maandishi kwenye mchanga wa ufukweni. Fundi alichovya njiti kwenye rangi nyekundu ya karakana, akaweka nukta juu ya kitufe cha mbili, apate kukiona upesi. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameikwangua kwa ukucha mpaka ikatoka yote, maana tangu ujana wake alikuwa mtu wa usafi, na doa jekundu kwake lilikuwa uchafu unaongoja kusafishwa. Akamshonea kimfuko cha kuvaa shingoni, cha kitambaa cha makochi chenye maua, kile kizuri cha wateja wenye nafasi. Mama Mkunga alikipenda mno. Aliitoa simu ndani yake, akatia kipande cha sabuni.

Jirani yao, mshona viatu, mtu asiyejua kupamba maneno, alimwambia Fundi kwamba anateka maji kwa pakacha. Fundi alijua kwamba jirani amesema kweli, na alijua pia kwamba kesho atateka tena.

Hata hivyo simu ililia siku moja. Alikuwa karakana, mdomo umejaa misumari midogo, akivuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi la mteja, ndipo akaiona namba ya mkewe ikiwaka kwenye kioo. Alitema misumari yote sakafuni. Akapokea.

"Haloo," ilisema sauti ya mkewe, ya adabu, ile aliyoitumia kwa wakubwa wa hospitali. "Samahani kukusumbua. Namtafuta mume wangu."

"Ni mimi, mke wangu. Umeweza. Ni mimi hapa."

Mkewe akasema, kwa upole wa mtu asiyependa kumkosea mwingine, "Hapana, baba. Wewe sauti yako ya mzee. Mume wangu ni kijana."

Fundi Sponji alikaa chini juu ya marobota ya sponji. Alitaka kubisha. Alitaka kumtajia siku ya ndoa, jina la mama yake, kochi analolikalia, kitu chochote. Lakini aliisikia pumzi yake kwenye simu, pumzi ya mtu anayengoja jibu la mhudumu, akaona kubishana ni kumtisha bure.

"Hajafika," alisema. "Akifika nimwambie nini?"

"Mwambie awahi kurudi. Nyumba hii imenizidi ukubwa."

Mkewe akakata simu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Mzee aliokota misumari yake mmoja mmoja, akafunga karakana, akaenda nyumbani mapema kama alivyoagizwa. Mkewe alimkaribisha vizuri, akamwandalia kiti, akamwambia mwenye nyumba ametoka kidogo.

Baada ya hapo ikawa hivyo: siku moja anamjua, siku mbili hamjui. Fundi alizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Akawa anapiga yeye, asubuhi na mchana, na mkewe mara nyingine alipokea, mara nyingine aliiacha ilie. Jirani wa kike wa nyumba ya nyuma alikuwa akimchungulia. Na mchana mmoja wa mawingu simu iliita, ikaita, hakuna wa kuipokea. Akapiga tena. Alipopiga mara nyingine, sauti ngeni ikaitika.

Alikuwa mama mfagiaji wa stendi ya mabasi. Alisema simu ameikuta imetundikwa kwenye bomba la maji, ndani ya kimfuko cha maua, imetundikwa vizuri kabisa, kama mtu anavyotundika koti lake akifika kazini. Mwenyewe hakumwona.

Fundi alikimbia. Mtu wa umri wake alikimbia katikati ya mji na aproni yake ya kazi, mkasi ukining'inia kiunoni, akiwasimamisha watu na kuwaeleza: mrefu, gauni la kijani, nywele nyeupe, anatembea wima. Mshona viatu alifunga banda lake akaja. Muuza mboga alikuja. Wakaja watu ambao Fundi hakuwajua, watoto wa mikono ya mkewe, waume kwa wake, wakagawana mitaa. Binti alifika kwa basi la jioni, macho yamevimba. Walitafuta mpaka giza, na kulipokucha walikuwa bado wanatafuta. Mvua ilikuwa imenyesha.

Waashi ndio waliomwona, walipofika kazini kwenye jengo lisiloisha, nje kabisa ya mji. Alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, amelowa, viatu hakuna, nyayo zimechanika. Hakulia wala hakuomba msaada. Aliwaomba wapunguze kelele, akasema ndani kuna mzazi, uchungu wake haujakolea, na yeye hawezi kumwacha peke yake.

Alilazwa kwa homa ya mapafu. Akapona mapafu. Lakini kilichobaki cha Mama Mkunga hakikurudi naye nyumbani. Hakutania tena, hakuuliza, hakumfananisha mumewe na kijana yeyote, maana hakumtafuta mume wa umri wowote. Usiku alilala, mchana alitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, na mlango ukiwa wazi aliendelea na safari.

Binti alisema mara hii anamchukua. Alimchukua kweli, na hazikupita siku nyingi akamrudisha, analia. Mama alikuwa amekataa chakula na kuwapiga wajukuu waliomkaribia. Binti akasema, "Baba, kwangu anakufa." Hapo ndipo Fundi Sponji alipokwenda kununua kufuli. Alilifunga mlangoni siku ya kwanza, mkewe akiwa ndani, kwa mikono ile ile iliyomshonea kimfuko, akaondoka haraka bila kutazama nyuma, akamwacha jirani wa nyuma awe anampitishia chakula dirishani mchana. Asipofanya kazi hawali. Hakuna aliyemlaumu, na hilo halikumpunguzia kitu.

Simu aliyorudishiwa na mfagiaji aliipeleka kwa muuza simu, akauliza kama kuna namna ya kuifanya ijipokee yenyewe. Ilikuwepo. Yule mama aliingia kwenye mpangilio wa simu, akabonyeza hapa na pale, akamwambia sasa ikiita kidogo itafunguka na spika itakuwa imewaka. Aiweke juu ya kabati, iwe kwenye chaji muda wote, naye atamsikia na atasikika chumba kizima. Hakutaka kupokea hata senti.

Siku ya kwanza Fundi alipiga akiwa karakana, akasema, "Mama, nipo. Usiogope. Nakuja jioni." Alidhani amefanya la maana. Jioni jirani akamsimulia aliyoyaona dirishani: Mama Mkunga alikuwa ameisikia ile sauti, akaanza kumtafuta mwenyewe. Aliinua mapazia, alifungua kabati, alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda na chini ya kochi, akaendelea kutafuta mpaka akachoka, akakaa sakafuni.

Basi hakusema tena. Anapiga, simu ya nyumbani inajipokea, naye anaiweka yake sikioni na kunyamaza. Wateja wanadhani anasikiliza redio. Husikia kandambili zikiburuzwa, husikia kiti kikisogezwa, husikia kikohozi. Akivisikia hivyo anajua yu hai, kisha anakata na kuendelea na kazi.

Juzi alipiga wakati wa adhuhuri. Nyayo zilikuwa zikienda na kurudi, kisha zikasimama. Akasikia kitasa kikitikiswa, taratibu, bila hasira. Kisha vidole vikagonga ubao wa mlango, mgongo wa vidole, kwa heshima, kama mgeni aliyefika kwa watu na hajui kama wenyewe wapo.

"Hodi," alisema Mama Mkunga, kutoka ndani.

Akangoja kidogo.

"Hodi wenyewe."

Fundi Sponji alikuwa na nyundo mkono mmoja na simu mkono wa pili, na mteja mbele yake akimweleza rangi anayoitaka. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Hodi," ilisema simu.