Uso wa Maroa Utangulie

Marungu yaligonga mlango wa duka la kompyuta mjini Migori, lakini Nchagwa hakugeuka. Aliwajua wagongaji: vijana wa Maroa, bwana wa mashimo ya dhahabu ya Masara, aliyekata watu kama mabua ili abaki nayo peke yake. Mpiga picha Mirumbe, kaka yake Nchagwa, alimnasa Maroa kwenye picha panga likiwa juu. Panga hilo likamshukia yeye. Kamera ilipatikana chini ya mwili wake.

Sasa Maroa alikuwa anakimbilia Isebania, avuke mpaka. Kule Nairobi wakili Liz alikuwa ameketi na mkubwa wa polisi aliyekataa kutoa amri ya kumkamata kabla hajaiona sura yake. Faksi ilikuwa imegeuza picha masizi. Tangu asubuhi ripoti nzima ya mauaji hayo, pamoja na picha zake, ilikuwa kwenye mtandao, imevimba kama mzoga wa ng'ombe. Kila walipoifungua Nairobi, waliambulia weupe mtupu.

"Naikata," Nchagwa alisema. "Kila ukurasa ujitegemee. Picha nazitoa rangi, natoa nyasi na anga, zibaki nyuso. Nyepesi zitafunguka upesi. Na uso wa Maroa utangulie."

Bhoke, mjane wa Mirumbe, akamshika mkono. "Shemeji, kwetu maiti ndiye anayetajwa kwanza. Mume wangu afuate nyuma ya muuaji wake?"

"Laini hii huenda ikapitisha ukurasa mmoja tu. Ukiwa wa kumlilia marehemu, Maroa atalala Tanzania."

"Unaniongelesha kama karani."

"Nakuongelesha kama ndugu yake. Amua, mlango unalegea."

Nje mtu alicheka. "Nchagwa, toka na hiyo televisheni yako isiyoonyesha mpira. Tutakuonyesha mechi."

Bhoke aliuachia mkono wake. Akaokota nondo iliyokuwa ikikomea dirisha, akasimama mbele ya mlango.

"Mtangulize huyo mbwa," alisema.

Nchagwa akautuma. Modemu iliyounganishwa na waya wa simu ilikoroma, mstari wa kuonyesha kiasi kilichotumwa ukatambaa kwenye kioo kama konokono. Mlango ukaanguka. Wa kwanza kuingia alipokea nondo ya taya, akatema meno kizingitini. Wa pili akamrukia Bhoke, akamburuta kwa nywele. Rungu likashuka juu ya mkono wa Nchagwa, vidole vikavunjika juu ya vibonye. Alilalia mashine kwa kifua, akapigwa mgongo na mbavu, na hakuondoka mpaka mstari ulipofika mwisho.

Ukurasa wa pili, wenye sura ya Mirumbe, ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kupanda walipong'oa waya wa simu ukutani. Wakaivunja kompyuta, wakazimwagia picha zote mafuta ya taa na kuziwasha, kabla ya watu wa soko kuwafurusha kwa mawe.

Simu ililia kwenye duka la jirani, muuza misumari. Nchagwa aliipokea kwa mkono uliobaki.

"Ukurasa wa kwanza umefunguka mara moja," Liz alisema. "Mkubwa ameshapiga simu mpakani. Wamemshusha Maroa kutoka kwenye lori. Lakini kurasa nyingine hatuzioni. Anataka kuwaona waliouawa, la sivyo atamwachia kesho. Tutumieni zilizobaki."

Nchagwa alitazama moshi, kisha akamwambia Bhoke yaliyosemwa.

Bhoke alifuta damu puani. "Mwambie zimebaki maiti zenyewe," alisema. "Ziko Masara. Aje na jembe."