Maziwa ya Zamu

Baba alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga madini ya urani, chumba cha kujazia mapipa. Unga wa manjano ulimganda hadi kwenye kope. Kila mwisho wa zamu msimamizi aligawa pakiti za maziwa, eti yanasafisha kifua. Barakoa zilikuwa na joto la kuudhi, kwa hiyo wengi walizining'iniza shingoni. Si maziwa yapo?

Ya baba hayakufika tumboni kwake. Aliyaficha ndani ya ovaroli akaniletea mimi, mwanawe wa pekee, niliyekuwa mkondefu kama njiti ya kiberiti. Wenzake wakambandika jina, Mnyonyeshaji, naye akacheka nao. Nikanawiri, nikasoma, nikawa mwalimu.

Sasa amestaafu kitambo, saratani imemkalia pafu na figo zinasuasua. Shangazi, dada yake, hana simile. Ameshasema hata mbele ya wageni kwamba niliunywa uhai wa kaka yake. Neno hilo limenikaa rohoni, halitoki.

Jana nilimfuata daktari kwenye korido ya hospitali nikamuuliza kama baba angenusurika iwapo maziwa yale angeyanywa mwenyewe. Alinitazama kwa huruma. Alisema vumbi lile huingia kwa pumzi, likakaa mapafuni, na mionzi yake hula polepole hata mtu akishaacha kazi. Maziwa huenda tumboni, basi. Waliokunywa nao wamelazwa wodi moja na baba.

Kumbe danganya toto! Watu wazima na akili zao walipewa danganya toto, wakavua barakoa. Nilikasirika. Lakini pia, Mungu anisamehe, nilifurahi: sikumuua baba yangu. Nikaharakisha kwenda kumwambia.

Alikuwa amekaa kitandani, mpira wa hewa puani, shangazi akimsugua mgongo.

"Shangazi yako anasema umekwenda kuuliza habari za maziwa."

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, sina nitakachokuachia. Hata nyumba ilikuwa ya kampuni. Nilichokupa ni yale maziwa tu." Akatulia apate pumzi. "Yangenisaidia?"

Shangazi akanikazia macho.

"Yangekusaidia, baba," nikasema. "Leo ungekuwa mzima."

Akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyeshiba.

"Si nilisema mimi?" shangazi akasema.