Chupa ya Mdogo Wake Pandu

Siku Pandu alipozaliwa, mkunga alimkabidhi mume wangu vitu viwili: mtoto aliyeviringishwa kwenye shuka, na chungu kidogo chenye kondo la nyuma. Mtoto tulimpeleka nyumbani. Kondo nikalipeleka shuleni.

Hapa kwetu Klaten hakuna anayefanya hivyo. Kondo ni mdogo wake mtoto. Baba huliosha kwa mikono yake mwenyewe, akalitia chunguni pamoja na sindano, penseli, chumvi na maua, akalizika kando ya mlango, upande wa kulia kwa mvulana, wa kushoto kwa msichana. Juu yake huwashwa taa kwa siku thelathini na tano. Mama wa mume wangu, Mbah Tumirah, alikuwa ameshachimba shimo. Hata mafuta ya taa alikuwa ameshanunua.

"Mwanangu, huyo mdogo mtu unampeleka wapi?"

"Maabara, Mama. Wanafunzi wangu hawajawahi kuliona kondo. Nikiwaambia walichore, wananichorea kipande cha tempe."

"Na tempe ina kosa gani?" akauliza mavyaa wangu, aliyesomesha watoto sita kwa kuuza hiyo tempe, maharage ya soya yaliyochachuliwa kwenye majani ya mgomba.

Mume wangu, Anggit, alicheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Nikalitia kondo kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza. Niliandika tarehe, sikuandika jina. Shimo la mavyaa likabaki wazi kando ya mlango. Mvua ikalijaza, jua likalikausha, mwishowe kuku wakaligeuza kitanda. Pandu alipoanza kutambaa, safari yake ya kwanza ilikuwa hadi ukingoni mwa shimo lile, akawaamkie kuku.

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili.

Jumatatu alipata homa. Jumatano akashikwa na degedege mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayefundisha mfumo wa neva kidato cha pili. Najua neva hupokezana ujumbe kwa zamu, na najua degedege ni zamu kuvunjika, neva zote zikapiga kelele kwa wakati mmoja pasiwe na hata moja inayosikiliza. Nilijua kila kilichokuwa kikitokea ndani ya kichwa kile kidogo, na kujua kwangu hakukunisaidia chochote. Hospitalini daktari alisema bakteria wamefika kwenye utando wa ubongo. Ijumaa, kabla ya adhuhuri, Pandu alitulia. Alasiri tukamzika.

"Mdogo wake ndiye aliyemwita," mavyaa alisema siku ya tatu, huku akichuja soya. Hakuniangalia. "Miezi kumi na minne yumo kwenye dawa. Hana udongo, hana taa. Ungekuwa wewe ungenyamaza?"

"Mama, ni bakteria."

"Sawa. Na hao bakteria, nani aliwafungulia mlango?"

Nilimtazama Anggit aseme neno. Alikuwa anatazama shimo la kuku.

Nilirudi kazini siku ya kumi na moja. Wenzangu wakati wa mapumziko walikwenda kula tambi, mimi nikajifungia maabara na ile chupa. Na hapo nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu.

Yai likishakutana na mbegu, huwa ni seli moja tu. Hiyo moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na katika kuongezeka huko nyingine huenda kujenga mtoto, nyingine kondo. Chanzo chao ni kimoja. Kwa hiyo kilichokuwamo chupani hakikuwa changu. Kilikuwa cha Pandu, karibu chote, kama ukucha wake au nywele yake. Nilikata kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, nikakitia rangi, nikakilaza kwenye kioo cha hadubini, nikaanza kumtafuta.

Nilitafuta wiki tatu. Kondo lililozaliwa limeshazeeka, seli zake nyingi zimemaliza kazi. Lakini Alhamisi moja, pembeni kabisa, niliipata: seli moja iliyokuwa inagawanyika. Kromosomu zimejipanga mstari katikati, tayari kuvutwa huku na huku. Formalini ilizikuta hapo, ikazisimamisha.

Tangu siku hiyo sikuwahi kukosa. Kaburini nilikuwa siendi. Nilikuwa nakwenda pale, naweka jicho kwenye hadubini, namwangalia mwanangu akitaka kuwa wawili.

Siku ya tisini na saba tangu Pandu afariki nilikuwa nafundisha uzazi. Chupa ilikuwa mezani. Msichana mmoja, Sekarwangi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kondo ni la mama au la mtoto?"

"La baba," akadakia Damar kutoka nyuma. "Si unaona limekaa tu halifanyi kazi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilikaribia kucheka. Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia mavyaa, kanga yake ya batiki ya kubebea watoto ikiwa begani, chungu kipya kikiwa mkononi.

"Samahanini, watoto. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu."

Waliangalia chupa, wakaniangalia mimi, wakaangalia chupa tena. Sikuwahi kuona watoto arobaini wakielewa jambo kwa pamoja hivyo. Sekarwangi akafunika mdomo. Nikawaambia watoke, wakatoka wakinyata.

"Jumamosi ni siku ya mia," mavyaa akasema. "Majirani wanakuja kusoma dua. Nataka azikwe siku hiyo."

"Sitoi, Mama."

"Unamfundishia?"

"Sivyo."

"Sasa unamwekea nini?"

Nikamvutia kiti mbele ya hadubini, nikamwambia afumbe jicho moja. Alihangaika kwanza, akafumba yote mawili, akanitukana kidogo, kisha akaweza.

"Naona vijiti. Vimepanga foleni."

"Hiyo ni seli yake Pandu. Ilikuwa inagawanyika."

"Mbona haiendi?"

"Dawa imeisimamisha."

Alitazama muda mrefu. Alipoinua uso, jicho lilikuwa na alama ya duara.

"Kwa hiyo hajamaliza."

"Hajamaliza."

"Basi mruhusu amalize, mwanangu. Utamsimamisha hapo mpaka lini?"

Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Yeye hakulia. Aliifunga chupa kwenye kanga, akaipakata kiunoni, mkono mmoja chini kama unavyompakata mtoto asiyeweza kukaa. Tulirudi kwa pikipiki yangu, chupa ikiwa katikati yetu, ikinigusa mgongoni kila tulipopita tuta.

Jumamosi Anggit aliliosha kondo bombani mara tatu, kama inavyompasa baba. Formalini ina ukali wa macho. Machozi yalimtiririka, na majirani hawakujua ni dawa au ni yeye. Mimi nilijua.

Mavyaa akatia chumvi, sindano, maua. Alipochukua penseli nilimshika mkono.

"Penseli ya nini, Mama? Haendi shule."

"Mdogo wake je? Naye asisome?"

Nikamwachia.

Tuliwafukuza kuku, tukakishusha chungu kwenye shimo lililokisubiri muda wote huo. Imamu akamaliza dua. Nikawasha taa kwa mkono wangu, nikalichukua koleo.

"Ngoja," akasema mavyaa. "Kabla hujafukia, muombe radhi huyu mdogo mtu. Mwambie ulimkosea."

Majirani wote wakageuka kunitazama. Mikono yao ilikuwa na vifurushi vya wali wa dua.

"Kipo kile kipande cha kwenye kioo," nikasema. "Chenye seli. Hicho kinabaki kwangu."

"Kibaki. Muombe radhi."

Anggit akanisogelea. "Mama Pandu, sema tu. Ni neno moja, tumalize."

Lakini neno hilo nililijua lilikotaka kunifikisha. Ningelisema pale, mbele ya mtaa mzima, ningekuwa nimekiri kwamba mwanangu aliuawa na mama yake. Kesho wangenihurumia, keshokutwa wangemsimulia kila bi harusi mpya. Nami ningeanza kuamini.

"Pandu nilimbeba miezi tisa," nikasema. "Nikamnyonyesha. Alipougua sikumweka chini hata dakika moja. Taa nimewasha, Mama, na nitaiwasha siku zote thelathini na tano. Udongo nitautia mimi. Ila radhi siombi."

Nikachota koleo la kwanza.