Mfupa wa Saba

Bahasha ilifika Songea mwezi Mei 1995, na Mwalimu Dionis akaifungua pale pale kwenye baraza ya posta. Ndani mlikuwa na ripoti ya Brayson, rafiki yake wa tangu chuo kikuu na mtafiti wa mambo ya kale, kuhusu kaburi la kale walilolifukua miaka miwili kabla yake katika shamba la Shangazi Eufrasia, chini ya Matogoro, palipokuwa pakichimbwa udongo wa matofali. Ndani ya kaburi lile alilala mtu mzima, na miguuni pake mbwa aliyelazwa kwa adabu kama ndugu.

Shangazi hakukubali kirahisi. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, lakini wafu wa shamba lake aliwaheshimu kwa namna ya wazee wake.

"Kila kipande cha mfupa kinachotoka nitakiaga mwenyewe," alisema. "Kimoja kimoja."

Dionis akaweka neno lake kuwa dhamana. Vikatoka vipande sita vidogo kama kucha, vya kupimwa maabara ng'ambo, vitatu vya mtu na vitatu vya mbwa. Kila mara bibi yule alinyunyiza unga wa ulezi, akamweleza marehemu kipande kinakokwenda.

Mfupa hausahau chakula. Dionis, mwalimu wa kemia, alilijua hilo: anayeshiba samaki hubaki na naitrojeni nzito nyingi mifupani kuliko anayeishi kwa nafaka. Mtu yule wa kale, ripoti ilisema, alikula ulezi na nyama kidogo, na hesabu za mbwa zilifanana na zake kama za mapacha. Kumbe walikula chungu kimoja! Dionis akacheka peke yake barazani, akiwaza jinsi shangazi atakavyofurahi.

Kisha akageuza ukurasa. Jedwali lilikuwa na mistari saba.

Wa saba ulisomeka: mwanamume, alifariki 1961, alikula samaki wa Ziwa Nyasa maisha yake yote, chakula chake kinajulikana kwa ushuhuda wa familia.

Makarius, mume wa shangazi, mzaliwa wa Mbamba Bay, alizikwa hatua thelathini kutoka kwenye kaburi lile la kale. Na Dionis akakumbuka wiki aliyokwenda Tunduru kusimamia mitihani, akamwachia Brayson funguo za nyumba, jembe na shamba zima.

Akaingia ndani, akaomba simu ya Dar es Salaam.

"Dio! Umemwona mbwa?" Brayson alipaza sauti kwa furaha. "Si nilikwambia, bwana!"

"Namba saba ni nani?"



"Dio, wewe ni mtu wa sayansi. Bila mtu ambaye chakula chake kinajulikana, hesabu zote zinaelea. Kilikuwa kipande cha ubavu tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Na kweli, ndivyo ingekuwa. Miaka kumi na mitano ya urafiki, kula sahani moja bwenini, kuazimana mashati, na mwenziwe alimjua vema kiasi cha kujua wakati wa kutomuuliza.

Alimkuta shangazi uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umeniletea habari za mzee wetu na mbwa wake?"

Alimweleza yote, pasipo kupunguza. Mikono ya shangazi ikatulia juu ya gunzi.

"Nani alimwambia kwamba Makarius hakushiba bila dagaa wa usipa?"

"Mimi. Tulikuwa tukipiga soga, tukicheka."

"Mkimcheka mume wangu."

"Hapana, shangazi. Nilikuwa nikimsifu."

"Basi huyo rafiki yako akirudishe. Nitakipokea, nitamwomba Makarius radhi."

Hapo Dionis alitamani kemia yote aliyosoma imtoke kichwani.

"Hakirudi. Walikiyeyusha kwa asidi, kilichobaki wakakichoma ndani ya mashine. Kimekuwa hewa."

Shangazi akaliweka gunzi chini.

"Hewa ya wapi?"

Dionis akaitaja nchi, na mji wenye maabara. Shangazi alirudia majina yale mageni taratibu, akakosea, akamwomba ayataje tena, mpaka alipoweza kuyatamka mwenyewe. Kisha akainuka na ungo wake, akaingia ndani kuchota unga wa ulezi. Hakuwa amemkaribisha kiti.