Fahari Mlangoni pa Kanisa

Enzi za Waingereza, mwaka ule nzige walipotumalizia mtama, baba yangu Gidamis alikuwa na vitu viwili vya kuringia pale Hirbadaw. Cha kwanza ni fahali wake, mweusi tii, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso na pembe zilizopakwa samli mpaka inzi wanateleza. Cha pili ni ubatizo. Pasaka ya kubatizwa ilikuwa bado, lakini alikwisha anza kujiita Nikolausi. Ukimwita Gidamis anageuka kutazama nyuma, kana kwamba unamwita mtu mwingine.

Katekista wetu aliitwa Alfredi, naye alijivunia Kiswahili chake. Neno kiburi kila mtu alilijua, hata watoto, kwa hiyo hakulitaka. Jumapili moja akachagua neno la watu waliosoma, akapiga meza.

"Mwenye fahari habatizwi! Nasema aachane na fahari kabla ya Pasaka!"

Sasa Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani. Yeye alisikia fahali. Alirudi nyumbani, akakaa zizini mpaka uji wake ukapoa, ukaota utando.

Mama akamwambia, "Basi ubaki Gidamis, baba watoto. Ni jina zuri tu."

"Nimekwisha waambia watu mpaka Katesh! Uso nitauweka wapi?"

Jumapili iliyofuata Padri mzungu alikuja kutoka misheni. Katikati ya wimbo tukasikia mngurumo nje, nguzo ya mlango ikalia kwaa, vumbi la udongo likatudondokea vichwani. Baba akaingia kifua mbele.

"Nimeachana naye," akasema kwa sauti. "Nimemfunga hapo. Tazameni wote. Kuna mwingine aliyeleta? Hakuna!"

Padri akauliza kuna nini. Nilimwona Alfredi akichungulia mlangoni, na papo hapo akaelewa. Lakini angesemaje mbele ya Padri kwamba mahubiri yake hayakueleweka?

"Ni tunda la mahubiri yangu, Padri," akasema. "Niliwaambia watoe."

Baba akafurahi sana. "Vizuri, Mwalimu. Na wako yuko wapi?"

"Wangu?"

"Yule mwekundu. Nimempita sasa hivi, anakula majani nyuma ya nyumba yako. Au mwenzetu ulibatizwa pamoja naye?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Wazee wawili wa mbele wakainuka, mmoja akifungua kamba aliyojifunga kiunoni. "Wewe kaa, Mwalimu, usijichoshe. Tutakuletea sisi."

Walipofika mlangoni Alfredi akashindwa kuvumilia.

"Jamani, ngojeni! Nilisema fahari! Ri! Ri! Kiburi! Kujivuna! Sikusema ng'ombe!"

Padri aliinamia kitabu chake, mabega yakimtikisika.

Mama akapiga kigelegele, mbio kwenda kumfungua fahali wetu kamba. Sote tulidhani baba atamtangulia. Lakini alimshika mkono, akamgeukia Alfredi.

"Kumbe ni kujivuna tu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Hiyo ndiyo uiache. Ng'ombe mchukue, tafadhali."

Baba akafikiri. "Hapana. Afadhali nimwache huyu. Hiyo nyingine nitaifunga kamba wapi?"

Alfredi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kilimwishia. Padri ndiye aliyesema kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba ng'ombe arudi kwao, na mzee aje Pasaka.

Tukarudi na fahali wetu. Baba alitangulia na kamba mkononi, akimsimamisha kila tuliyekutana naye njiani, hata mama mmoja asiyemjua aliyekuwa na mzigo wa kuni kichwani, amweleze kwamba katika kanisa lote yeye peke yake ndiye aliyekuwa tayari kuacha.