Tawi Katika Shamba la Mbonigaba

Dada yangu Carmel anasoma sosiolojia Dakar, na huko hakuna aliyemwambia kwamba hapa Kibabi tawi bichi lina uzito zaidi kuliko kiapo. Alikuja likizo kufanya utafiti wa kumalizia masomo yake: kwa nini mabinti wa kwetu hawarithi mashamba. Kila mama aliyekubali kuhojiwa, Carmel alichomeka kijiti shambani kwake ili asisahau alikopita. Kuni kavu zimejaa nyuma ya jiko letu! Yeye akaenda kukata matawi ya mti wa mpaka, ule unaoota hata ukichomekwa kichwa chini.

Kwetu, anayechomeka tawi hilo anadai ardhi. Na tangu turudi kutoka Kashebere, ambako vita vilitukimbizia, kila mtu huamka akilipima shamba lake kwa macho.

Jirani yetu Mbonigaba alikuta tawi moja katikati ya maharagwe yake. Kufumba na kufumbua, uwanja wetu ulijaa wanaume wenye mapanga.

"Ndayambaje!" aliita. Hakumwita baba yetu Papa, kwa heshima kama siku zote, nami nikajua mambo yameharibika. "Umeanza kunikatia shamba?"

"Mi sikupandaka kitu, kaka."

"Mutoto yako njo walimuona anapanda."

Carmel akaruka mbele. "Papa Mbonigaba, ile iko alama tu! Iko ya recherche, ya masomo yangu. Bibi yako, Mama Athanasie, alinikubalia."

"Bibi yangu njo anagawanyaka mashamba yangu sasa?"

Nilitamani kumziba mdomo. Usomi wote ule, na bado anamwaga petroli motoni.

Wakatusukuma hadi shambani. Tawi lilikuwa limesimama pale, majani yake mabichi kabisa.

"Ung'oe," Mbonigaba alimwambia Papa.

Papa hakusogea. Akiling'oa, amekiri kwamba alilipanda. Mbonigaba akiling'oa mwenyewe, ametangaza vita na ukoo wetu. Tukiliacha, litaota na kuwa mpaka. Mtu mmoja nyuma akasema nyumba yetu ni ya nyasi na kiberiti anacho. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Panga la Mbonigaba lilikuwa karibu na Papa kuliko nilivyokuwa mimi.

Hapo Carmel akaacha kujieleza. Akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti kubwa:

"Ba Papa, mu desturi yetu, mutoto mwanamuke iko na shamba?"

"Hapana!" walijibu kwa pamoja, kama kanisani.

"Sasa muti yenye mwanamuke alipanda, inaweza kukata mupaka?"

Mbonigaba alijikuna shingo kwa mpini wa panga.

"Useme we mwenyewe," alisema. "Mbele ya bantu bote."

Papa alitikisa kichwa kumkataza. Ni sisi watatu tu tuliojua: alikuwa amemwahidi Carmel shamba la juu, lile lenye migomba, siku atakapomaliza masomo. Mwanamume wa Kibabi kumwahidi binti! Roho iliniuma mimi mwanawe wa kiume, sikuwahi kusema, lakini Papa akishaamua ameamua.

"Carmel, nyamaza," alisema taratibu.

"Mi Carmel, binti ya Ndayambaje," dada yangu alisema, "sina shamba ku kilima iyi. Sitaomba hata siku moja. Ile nilipanda haiko muti. Iko bure, sababu mi niko bure."

Akainama, akaling'oa tawi, akalivunja kwa goti.

Mapanga yakashuka. Lakini Mbonigaba hakuondoka. Alinigeukia mimi.

"Guy, we njo mukubwa wa kesho. Umesikia vile dada yako anasema? Useme umesikia, tumalize." Kwetu, mrithi akisema amesikia, neno halirudi tena.

Papa alikuwa bado amesimama katikati ya wenye mapanga. Carmel alikuwa ananitazama, akingoja, na najua alichokuwa anangoja: nikatae.

"Nimesikia," nikasema.

Akaacha kunitazama.