Karatasi ya Kwanza

Generosa alishika pembe moja ya karatasi, Altaf akashika nyingine, na kwa kitambo hakuna aliyekubali kuachia.

"Mama Mihayo," Altaf alisema kwa upole, "nisipoipitisha kwenye skana haitafika."

Ilikuwa barua ya daktari wa Shinyanga. Bujiku, mumewe Generosa, alichimba dhahabu Afrika Kusini miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa amelala nyumbani Mwakitolyo, kifua kikikoroma kama mvukuto uliotoboka. Miezi mitano alimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu. Daktari alitaka picha za zamani za mapafu yake, zilizopigwa kule mgodini, ajue kama kweli ni kifua kikuu au ni vumbi la mawe. Lakini hospitali ya mgodi ule ilikuwa na ukaidi wa kizee: maombi ilipokea kwa faksi tu, yenye sahihi ya mgonjwa. Na Tinde nzima, mji wenye duka hili, haikuwa na mashine ya faksi iliyo hai.

Altaf, mwenye duka la kuchapa, alikuwa amepata njia. Barua ingekwenda kwa barua pepe hadi kwenye kompyuta ya mtu mmoja aliyeishi mji uleule wa hospitali. Kompyuta hiyo ingepiga simu ya hapohapo mjini na kuitoa barua upande wa pili kama faksi.

"Anataka nini huyo mtu?"

"Hataki kitu. Anajitolea. Zamani walikuwa wengi, kila mmoja na mji wake. Wamebaki wachache."

Generosa akacheka bila furaha. Machimboni kwao Mwakitolyo alikuwa ameona ndugu wa tumbo moja wakigeukana kwa jiwe lisilojaa kiganja. Cha bure kina mwenyewe, naye huja kukidai. Jina la mumewe, ugonjwa wake, sahihi yake, vyote vipite mbele ya macho ya mgeni?

Akaondoka na barua yake. Kesho yake alirudi na karatasi nyingine, imekunjwa.

"Tuma hii kwanza."

Altaf aliituma bila kuisoma, kama desturi yake. Kwa Kiingereza chake cha sekondari Generosa alikuwa ameandika kwamba Bujiku amefariki, ameacha dhahabu ndani, na mjane wake hajui pa kuiuza. Namba ya simu ni hii. Mwizi akinusa, atapiga.

Akangoja siku tatu. Aliyepiga ni dada yake wa Mhunze, akimjulia hali mgonjwa. Kwa Altaf, kompyuta ile ilileta mstari mmoja tu: imefika, ukurasa mmoja. Ndipo Generosa akaitoa barua ya daktari.

Wiki iliyofuata Altaf alisoma jibu la hospitali mara mbili, kisha akamtazama kwa macho ambayo Generosa hakuyazoea kwake.

"Wamepokea karatasi mbili, mama. Ya kwanza inasema mgonjwa amekufa. Ya pili ina sahihi yake. Hawatoi kitu mpaka wajue nani anawadanganya."

Generosa hakuwa amewaza kwamba mtego wake ungesafiri hadi mwisho wa njia. Alikuwa amemwua mumewe kwa kalamu, na walioupokea uongo huo ni walewale aliohitaji wamsaidie kumponya.

"Ni mimi," alisema.

Altaf hakumuuliza kwa nini. Alimsogezea karatasi na kiti. Generosa akaandika yote, hofu na uongo wake, bila kujipamba. Alipomaliza, mkono ukasita: hii nayo ingepita kwa mtu yuleyule.

"Itume," alisema kwa sauti ya chini.

Picha zilifika siku ya tisa. Daktari alizikagua, akasema ni vumbi la mawe, akasimamisha dawa za awali, akaandika nyingine. Hakuahidi kitu.

Jioni ile Bujiku aliegemezwa ukutani, akanywa uji nusu kikombe bila kukohoa.

"Barua yetu ilipelekwa na nani?"

"Na mtu wa hukohuko."

"Anaitwa nani?"

Generosa akalitafuta jina la mtu yule. Majuma yote yale alikuwa amempa majina: tapeli, mwizi, dalali. La kwake hakuwahi kuliuliza. Akakitazama kikombe mkononi mwa mumewe, naye Bujiku alikuwa bado anangoja jibu.